Beberu wa Nadhiri

Mwanza, 17 Julai 2024

Jirani yangu Zamda,

Salamu nyingi. Usishangae kupokea barua kama tuko enzi za baba zetu. Simu yangu iliibiwa siku za mwanzo tu. Niliiweka chini ya mto nikaenda kunawa uso, niliporudi mto upo, simu haipo. Mwanangu Keneth anasema atanunua nyingine, lakini mshahara wa mwalimu unaujua, nimemwambia asihangaike. Kuazima simu wodini sitaki, maana mwenye simu anasimama pembeni anasikiliza kila neno, na mimi nina mambo ya kukwambia wewe tu. Nitakuwa nampa Marcelo, yule kondakta wa basi la asubuhi, atakuletea dukani. Mpe soda.

Nimeanza mionzi Jumatatu. Unalala juu ya meza, wanatoka wote wanakuacha peke yako, mashine inanguruma kidogo, halafu wanakwambia amka. Huhisi kitu. Mimi nilitegemea moto, nilikuwa nimejikaza bure mpaka yule binti wa mashine akanicheka. Daktari amesema wiki tano, pamoja na dripu ya dawa kila wiki. Saratani imeshika shingo ya kizazi lakini haijasambaa mbali. Ndivyo alivyosema, na mimi nimeshika hapo hapo.

Kule jumuiya waendelee kujua ni tumbo. Mwenyekiti mzima nisimame mbele ya katekista Ndalahwa na wazee wa kanisa nianze kutaja shingo ya kizazi? Hapana. Hata Keneth mwenyewe anajua nusu.

Kitanda cha pili yupo mama mmoja wa Lamadi, anaitwa Anyesi, muuza dagaa. Huyo ana imani, Zamda. Anaanza rozari asubuhi kabla ya uji, na siku hizi wodi nzima inaitikia, Wasabato nao wamo. Tumekubaliana tukipona niende kwake Lamadi nile sato, halafu yeye aje Bariadi amwone beberu wangu akipelekwa kanisani.

Anaendeleaje huyo beberu? Ulikuwepo siku ya kuniaga, ulinisikia nikisema mbele ya watu wote kwamba nikipona, mweupe huyu anakwenda altareni kwa miguu yake mwenyewe. Nadhiri ni nadhiri. Mtunze, na usimpe maganda ya ndizi peke yake, anaharisha.

Nina amani, jirani. Mungu hajawahi kuniacha, hata mwaka aliofariki Baba Keneth hakuniacha. Ninasali na ninajua ananisikia.

Wako,
Evalina

*

Bariadi, 22 Julai 2024

Mama Keneth wangu,

Barua imefika. Marcelo kakataa soda, kataka chapati mbili na chai, kala huku kanisimamia kama mwenye duka. Nimeisoma nyuma ya kanga zilizotundikwa ili mtu asinione uso. Nimelia kidogo, nikacheka kidogo, nikampigia mteja hesabu vibaya.

Beberu wako ni mzima kuliko sisi sote. Nimemfunga nyuma ya duka, lakini ana shingo ndefu ya umbea. Juzi mama mmoja wa Maswa alikuwa anapatana bei ya doti ya kanga, ameishika mkononi, upindo unaning'inia. Sisi tunabishana, yeye beberu anatafuna. Kuja kugundua, pembe moja ya kanga haipo. Nilitaka kuzama ardhini. Yule mama kacheka mpaka kakaa chini, na kanga kaichukua hivyo hivyo. Kwa hiyo nadhiri yako inanitia hasara lakini inanivutia wateja.

Sasa sikiliza hili. Alhamisi ilikuwa zamu ya nyumba yako kusaliwa, na sisi wawili tulisahau. Jioni naona akina mama wamejaa kwako uani, mlango umefungwa, na katibu wako Benadetha kasimama mbele kama askari. Funguo ninazo mimi. Nikafikiri, nikiwaacha wasimame nje utasikia huko huko Mwanza uanze kunisema. Nikafungua. Nikatandika mikeka yako na yangu, nikapika chai ya tangawizi, nikakaa mlangoni na ushungi wangu mpaka wakamaliza. Mwisho wakaniomba nami niseme neno. Nikasema Mwenyezi Mungu akupe shifaa, urudi, maana mimi kazi ya ufugaji siiwezi. Walicheka na kuitikia.

Huyo Benadetha wako lakini ana maswali. Kanifuata jikoni wakati naosha vikombe, anataka kujua tumbo lenyewe ni la namna gani, lilianzaje, ulikuwa unatokwa na nini. Nikamwambia tumbo ni tumbo, na mimi si daktari. Kanuna.

Nimekuletea unga wa ulezi na dagaa za kukaanga. Kula hata kama hutaki.

Jirani yako,
Zamda

*

Mwanza, 29 Julai 2024

Zamda,

Asante kwa ulezi. Dagaa nimewapa wauguzi, tumbo langu halipokei tena kitu chenye harufu. Mionzi haikuniunguza juu ya ile meza, sasa inaniunguza nikirudi kitandani. Ninaharisha, ninatapika, na miguu haina nguvu ya kunifikisha chooni bila kushika ukuta. Keneth alikuja Jumapili, nikajipaka mafuta, nikakaa wima, nikamwambia dawa zinafanya kazi vizuri. Akarudi shuleni kwake Kiloleli amefurahi.

Anyesi amefariki.

Jumamosi asubuhi alianza rozari kama kawaida. Alipofika katikati akanyamaza, tukadhani amepumzika. Walivuta pazia, wakamchukua, mchana kitanda kikapata mgonjwa mwingine. Mume wake alikuja kutoka ziwani, hata nguo hakuwa amebadilisha, akakaa kwenye benchi la nje ameshika kandambili zake. Nilitaka kwenda kumwambia neno. Mimi, ninayesemeshwa kwenye kila msiba mtaani kwetu. Niligeukia ukuta nikajifunika shuka.

Tangu siku hiyo siwezi kusali, Zamda. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe hutanihubiria. Nikifumba macho naona lile pazia. Anyesi alikuwa anasali kuliko mimi, alikuwa na watoto wadogo kuliko wangu, na hakuwahi hata siku moja kumlalamikia Mungu. Kama yeye hakusikilizwa, mimi nina nini? Wenzangu wananiomba niongoze rozari badala yake, nawaambia koo linauma. Koo haliumi.

Nimeamua. Wiki ijayo Ijumaa naondoka hapa. Sitamaliza mionzi. Daktari atapiga kelele, mwache apige. Nataka nilale kwenye nyumba yangu, nisikie kuku wangu, litakalokuja linikute kwangu. Keneth usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikishafika.

Na yule beberu mpeleke kanisani. Simtaki tena hapo. Kila nikimfikiria naona kama namdai Mungu na Mungu ananidai, na mimi nimechoka kudaiana. Mkabidhi katekista Ndalahwa kimya kimya, mwambie ni wangu, basi. Usieleze kitu.

Evalina

*

Bariadi, 4 Agosti 2024, Jumapili

Mama Keneth,

Kaa kitako kabla hujasoma. Na kama umeshika uji, weka chini.

Pole sana kwa Anyesi. Sikumjua, lakini nimemlilia. Nilitaka barua hii yote iwe ya hilo, na nikubembeleze usitoke hospitali, nilikuwa na maneno mazuri nimeyapanga tangu Ijumaa. Leo yamenitoka yote kwa ajili ya beberu.

Nilifanya ulivyosema. Nikamwogesha, nikamfunga kamba mpya, nikaondoka mapema ili nimkute katekista kabla ya misa. Njiani kakaa chini mara mbili, kagoma, ikabidi nimsukume kwa nyuma, mwanamke mzima na baibui langu. Nikafika misa imeshaanza. Na wewe hukuniambia kwamba leo ni Jumapili ya mavuno! Nje ya kanisa nakuta foleni ya watu wanasubiri kuingia na matoleo: mpunga, mtama, maboga, kuku wamefungwa miguu. Nikasimama pembeni, nikasema nitasubiri mpaka wamalize.

Benadetha alikuwa mbele ya foleni na kapu la viazi kichwani. Akageuka. Akamwona beberu. Akaniangalia mimi, akamwangalia beberu tena, na kapu likashuka lenyewe. Halafu akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Maswa.

Mama Keneth, mimi nilisahau kabisa kwamba wote walikusikia siku ile. Wewe uliwaambia mweupe huyu hatoki mpaka upone. Sasa ametoka! Mtu mwenye akili zake angefikiri nini kingine? Nilifungua mdomo niseme hapana, hakuna aliyenisikia. Wanawake wamenizunguka, mmoja kashika kamba, mwingine kanishika mkono, wamama wakubwa wanashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, kwaya ndani imebadilisha wimbo, na mimi nakokotwa katikati ya kanisa pamoja na beberu, wote wawili tumetoa macho. Padre akashuka kutupokea. Katekista akamnong'oneza. Padre akashika kipaza sauti akasema, "Mama yetu Evalina amepona. Ametanguliza shukrani, mwenyewe anafuata."

Watu walicheza, Mama Keneth. Wazee ambao hawainui hata mkono walicheza. Baada ya misa kukawa na mnada, mnunuzi wa kwanza akamrudisha beberu kanisani anadiwe tena, wa pili naye akamrudisha, mpaka nikadhani nitarudi naye nyumbani. Mpaka naandika hivi, watu wanapita dukani kunipa mkono.

Nimeharibu. Niambie nifanye nini na nitafanya. Ila nikikwambia sikufurahi hata kidogo, katikati ya zile kelele, nitakuwa nakudanganya. Kwa dakika ile hata mimi niliamini umepona.

Zamda

*

Mwanza, 7 Agosti 2024

Zamda,

Nimesoma barua yako nikatamani uwe karibu nikupige na ndala.

Nilikwambia kimya kimya! Mfuko wangu nimeshaufunga, Marcelo nimeshamwambia aniwekee kiti cha mbele Ijumaa. Sasa naondokaje? Mgonjwa anarudi nyumbani, watu wanampokea. Lakini mimi si mgonjwa tena, nimeshapona, padre ametangaza. Nitashuka stendi ya Bariadi nimeshika ukuta, uso umebaki mifupa, halafu baada ya wiki chache mnizike. Watasema nini? Kuna waliotuacha wakajitangaza kuokoka kwa ajili ya jambo dogo kuliko hili. Na kuna walio kwenye mizani, unawajua, kama yule mjane Salu anayekwenda kwa mganga akitoka kanisani. Huyo akiniona nakufa baada ya kuchezewa ngoma kanisani, hatarudi tena kwetu.

Imani yangu mimi imekwisha, Zamda, nakwambia kweli. Lakini ya wenzangu sitaki kuimaliza. Hiyo haikuwa yangu.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa katekista Ndalahwa nyumbani kwake, si kanisani. Mweleze ukweli wote, hata wa shingo ya kizazi, na wa mimi kutosali. Yeye atajua namna ya kuwaambia watu taratibu. Ukishamaliza niandikie, ndipo nitakapoondoka. Mpaka nipate jibu lako nitaendelea kwenda kulala kwenye ile meza, maana sasa sina pa kwenda.

Na umewezaje kusahau siku ya mavuno, wakati wewe ndiye unayewauzia hizo kanga wanazovaa?

Evalina

*

Bariadi, 11 Agosti 2024

Mama Keneth,

Ndala nimezipokea, nimestahili.

Sikufika kwa katekista. Nilikuwa nimeshavaa viatu, namwambia Abdulkarimu wangu akae dukani, Benadetha akaingia. Hakusalimia. Alikaa juu ya robota la kanga akalia mpaka nikafunga mlango. Hakutaka kuniambia kitu. Alichoniuliza ni kama kuna njia ya kukupata wewe, nikamwambia ya barua. Akaomba karatasi, akaandika palepale, akaifunga kwa gundi, akanikabidhi. Nimeiweka humu pamoja na unga. Sijaifungua, ingawa Mungu ananijua nilivyotamani.

Soma ya kwake kwanza. Ukiona bado niende kwa katekista, nitakwenda.

Zamda

*

Bariadi, 11 Agosti 2024

Kwa Mwenyekiti,
Jumuiya ya Mtakatifu Monika.

Tumsifu Yesu Kristo!

YAH: SHUKRANI

Kwa niaba ya wanajumuiya wote napenda kuchukua nafasi hii kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa uponyaji wako. Jumuiya inaendelea vizuri, na michango ya mavuno

Mwenyekiti, nisamehe, nimeandika hivyo kwa mazoea. Hii si barua ya jumuiya.

Mama Keneth, mimi nilikuwa natokwa na damu tangu mwaka jana. Nilishafunga hedhi zamani, ikaanza tena, kidogo kidogo. Nilinyamaza. Mume wangu Mboje nilimwambia ni mgongo. Uliposema unakwenda Mwanza kwa ajili ya tumbo, nilijua. Wanawake tunajua tumbo gani linapelekwa kwenye mionzi. Ndiyo maana nilikuwa namsumbua jirani yako Mama Abdul kwa maswali, najua aliniona mmbea. Nilikuwa nataka kujua yako ilianzaje ili nilinganishe na yangu, na nilikuwa siwezi kuuliza wazi.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba nisiende kupima. Dada yangu alipimwa akafa, na mama mdogo pia. Nilijiambia kinachoua ni kule kujua. Nilikuwa nakuangalia wewe tu. Kila jioni nilisema moyoni, Evalina akirudi kwa jeneza, basi nami nakaa na langu mpaka mwisho.

Halafu Jumapili nikaona beberu mweupe.

Nilipiga kelele kanisani mpaka watu wakanishangaa. Hawakujua napigia nini. Jumatatu asubuhi sikuchambua hata mboga, nilikwenda hospitali hapa hapa Bariadi. Wakanipaka ile siki ya kupimia, wakaangalia, wakachukua na kipande cha nyama. Daktari amesema imeanza lakini bado ni ndogo, ningekaa mwaka mwingine tungezungumza mengine. Natakiwa kuja Mwanza tarehe 20 kufanyiwa operesheni. Mboje nimemwambia jana. Alilia, halafu akaenda kuuliza nauli ya basi.

Ninaogopa sana, Mama Keneth. Lakini ninakuja, kwa sababu wewe ulikwenda na Mungu amekuponya. Niandikie hata mistari miwili. Niambie tu kwamba inawezekana.

Benadetha

*

Mwanza, 14 Agosti 2024

Mpendwa Benadetha,

Milele amina.

Umefanya vizuri sana kwenda kupima. Njoo tarehe hiyo hiyo waliyokwambia, usiahirishe kwa ajili ya pamba wala harusi ya mtu. Chukua kanga nyingi na sweta, asubuhi hapa kuna baridi ya ziwa. Mimi bado nipo wodini, namalizia matibabu. Utanikuta, na tutazungumza yote.

Inawezekana, Benadetha. Njoo.

Mama Keneth

*

Mwanza, 14 Agosti 2024

Zamda,

Usiende kwa katekista.

Benadetha atakueleza mwenyewe siku akitaka. Mimi nakwambia hili tu: nimefungua mfuko nikarudisha kanga zangu kabatini. Marcelo nimemwambia kiti ampe mtu mwingine. Kama nikitoka hapa katikati ya matibabu, yule mwanamke atageukia njiani, hapo Lamadi, arudi nyumbani, na hatakuwa na mwaka mwingine.

Nimemwandikia uongo, au nusu uongo. Nimemwambia inawezekana. Nilipokuwa nalala kwenye meza leo nilijiuliza kama mimi mwenyewe ninaamini hivyo. Bado najiuliza. Lakini nililala, sikusogea, na nilimaliza. Kusali siwezi bado.

Nisamehe maneno ya ndala.

Evalina

*

Bariadi, 18 Agosti 2024

Mama Keneth,

Nimesamehe tangu sijasoma.

Sikuulizi habari za Benadetha. Nimemwona leo anachagua sweta dukani, kachukua la kijani, nikampunguzia.

Nataka kukwambia kitu kimoja na usinicheke. Umesema mara mbili kwamba huwezi kusali. Mimi si wa kanisani kwenu na siwezi kukuelekeza. Ila tangu ulipoandika habari za Anyesi, kila nikimaliza swala nabaki pale pale kwenye mkeka nakutaja, kwa maneno ya kwetu, maana ya kwenu siyajui. Na akina mama wa jumuiya wanakutaja kila Alhamisi, wao wanashukuru, mimi naomba, kila mtu na lake. Kwa hiyo wewe pumzika. Hilo jambo linafanyika. Wewe kula uji, lala kwenye meza yao, kusali tumeshika zamu sisi.

Ninakupenda, jirani, na sitaki kuzoea duka bila wewe kupita asubuhi kuniambia kanga nilizotundika hazina mpangilio.

Zamda

*

Mwanza, 5 Septemba 2024

Zamda ndugu yangu,

Nakuja Jumamosi. Marcelo ameniwekea kiti cha mbele, safari hii kwa ruhusa ya daktari. Mionzi nimemaliza. Ilichelewa kidogo kwa sababu damu ilipungua wakanisimamisha, lakini nimemaliza. Daktari amesema uvimbe umepungua sana, anafurahi, lakini hawezi kusema neno la mwisho. Nirudi baada ya miezi mitatu waangalie tena. Naharisha bado kidogo, na nimekonda, usije ukapiga yowe stendi. Keneth nimemweleza yote. Akaniuliza kwa nini nilimwona yeye mtoto. Nikamshika kichwa kama zamani.

Sasa nikueleze habari za Benadetha, amenipa ruhusa.

Alifanyiwa operesheni na ikaenda vizuri kabisa. Wamesema kwake imeondoka yote. Lakini ninachotaka kukwambia ni cha siku ile aliyofika, kabla ya operesheni. Aliingia wodini na sweta lake la kijani ananitafuta, akapita kitanda changu akaenda mpaka mwisho, akarudi. Hakuwa amenitambua. Nilimwita. Alisimama akaniangalia: dripu mkononi, nywele chache, nguo imekuwa kubwa. Nilikuwa nimepanga maneno wiki nzima. Nilipanga kumwambia nimebakiza kidogo, wamenishikilia kwa uangalizi tu, uongo wa namna hiyo. Nilipomwona ana hofu machoni nikashindwa kumdanganya. Nilimwambia kila kitu, Zamda. Kwamba sijapona, beberu nilimtoa kwa hasira, nilikuwa nakimbia, na tangu Anyesi afariki sijasali hata baba yetu. Nilimwambia wewe umekuja kwa ajili ya uponyaji ambao haupo.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilingoja anyanyuke aondoke, na ningemwelewa. Alivutavuta mkono wa sweta. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake kile kile cha mikutano:

"Sisi tulishashukuru, Mwenyekiti. Kama bado, hiyo ni kazi ya Mungu sasa."

Alipiga magoti pale sakafuni, kati ya vitanda, watu wanapita na mabeseni, akaanza kushukuru kwa Kisukuma. Hakuomba kitu. Alishukuru kwa daktari wa Bariadi aliyempima, na kwa Mboje kulia badala ya kugomba. Akamtaja Anyesi, ambaye hakuwahi kumwona, akashukuru kwamba nilipata jirani wa kitanda mwenye moyo vile. Akakutaja wewe na mikeka yako. Akanitaja mimi, akashukuru kwa kupona kwangu, hivyo hivyo, kama mtu anayeshukuru kwa mvua wakati anga bado ni nyeupe, na hakuona aibu hata kidogo.

Mimi nilikuwa nimelala naangalia dari. Nilikuwa najiambia hili si langu, nimsikilize tu mpaka amalize. Alipomaliza akangoja. Unajua kwetu, mtu akimaliza kusali lazima mwingine aitikie, huwezi kumwacha mwenzako amening'inia. Wodi nzima ilikuwa inaningoja mimi.

Nikasema, "Amina."

Ilitoka ndogo. Lakini ilitoka, Zamda, na nilikuwa naimaanisha.

Wako,
Evalina